Kiwanda cha mawese kikae Rumonge

Mwekezaji anayetegemea chikichi ya Rumonge nchini Burundi, kisha akapanga kujenga kinu chake Bujumbura kwa sababu benki, ofisi na nyumba yake ziko huko, amekosea hesabu. Serikali ikimpa kibali bila kumhoji, imekosea zaidi yake.

Chikichi haisubiri. Mkungu ukishakatwa, tunda lililochubuka huanza kuharibika siku hiyohiyo. Likilala siku mbili tatu, asidi hupanda na mafuta hupoteza bei. Tena katika kilo 100 za mikungu, mafuta ni kama kilo 20, na kwa mashine za mkono ni pungufu. Zinazobaki ni maji, nyuzi, makapi na mise, yaani kokwa za chikichi. Nani apakie makapi kwenye lori ayasafirishe kilomita zaidi ya 70 kwa barabara ya RN3, ambayo pale Gitaza maporomoko yameifunga mara kwa mara?

Mchumi Alfred Weber wa Ujerumani alilieleza jambo hili mwaka 1909: malighafi inayopoteza uzito ikichakatwa huvuta kiwanda kwake. Kampuni ya sabuni ya Lever ya Uingereza ilipewa maeneo ya michikichi Kongo mwaka 1911, nayo ikajenga vinu Leverville, katikati ya michikichi. Lakini sabuni ilipikwa Uingereza, na faida kubwa ikabaki huko. Ndiyo maana hatuombi kinu pekee. Mkulima wa Rumonge anauza mawese kwa madumu, kisha ananunua sabuni kwa bei ya duka. Sabuni nayo ipikwe hapahapa, na mise zikamuliwe hapahapa.

Wanaosema hakuna umeme watazame milima ya Bururi, ilikojengwa mitambo ya Jiji na Mulembwe, karibu megawati 50. Maganda ya mise nayo ni kuni nzuri za boila. Na soko halipo Bujumbura tu: kwa njia ya Ziwa Tanganyika kuna Kigoma, Uvira na Kalemie.

Sharti letu ni moja, nalo halina mjadala: kinu kisichafue ziwa. Maji machafu ya kinu cha mawese hula hewa ya majini, na wavuvi wa ndagala na mukeke hawana ziwa jingine. Sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ufukweni. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia majumbani mwa watu hapa Rumonge.

Kwa hiyo kibali kitolewe Rumonge, upande wa mlimani, mabwawa ya kusafishia maji taka yakichimbwa kabla ya mashine kufungwa. Ombi la kujenga Bujumbura likataliwe.