Neno kwa Nyumba Zetu: Kudumu Hata Mwisho



Mwezi huu nataka tulifikiri jambo lililo jepesi kutamka na zito kutenda, nalo ni kudumu. Wazee walinena, Mwanzo wa ngoma ni lele. Siku ya ubatizo watu huvaa nguo nyeupe, huimba, na jamaa hukusanyika kula pamoja. Lakini siku ya ubatizo ni moja, na siku ziifuatazo ni nyingi, wala hazina shangwe. Katika siku hizo ndimo ijulikanamo ahadi ya mtu, kama ilikuwa ya kinywa au ya moyo.

Tazameni habari za Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Uganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akapelekwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo ni ya Kongo. Waalimu waliomtangulia huko walikuwa wameshindwa na njaa, kwa kuwa mkuu wa nchi, jina lake Tabaro, hakutaka wapewe chakula. Apolo akaenda, akafundisha watu kusoma na kuomba. Tabaro akaghadhibika, akaamuru apigwe, naye akapigwa sana. Baadaye mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashtakiwa kuwa ndiye mwuaji. Akafungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani, hata akaachiliwa.

Basi, hapo palikuwa na udhuru wa kutosha. Nani angalimlaumu kama angalisema, Mboga wamenikataa, nipeni mahali pengine? Lakini alirudi Mboga. Na yule Tabaro aliyeamuru apigwe, mwisho wake alibatizwa. Apolo akawekwa kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Tena mwaka 1921, katika umri ambao wengi hutafuta kiti na kivuli, akaanza kazi mpya kwa Wambuti wakaao katika msitu mkubwa. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza kwamba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, maana huko ndiko kazi ilikokuwa bado. Kanisa la Kianglikana la Kongo, lenye watu wengi leo, hulihesabu kaburi hilo kuwa karibu na shina lake.

Katika habari hizi nayaona mafundisho matatu.

La kwanza, kudumu si kutokuchoka. Mwenye kupigwa huumia, na mwenye kufungwa huhuzunika. Kudumu ni kurudi. Mtu aliyeacha sala ya jioni kwa juma moja asiseme, Nimekwisha kuanguka, basi niache kabisa. Na arudi leo jioni. Mkumbukeni Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani akarudi Yerusalemu. Paulo alikataa kumchukua tena safarini, lakini katika uzee wake mwenyewe aliagiza aletwe, kwa kuwa alimfaa kwa kazi. Aliyegeuka nyuma jana aweza kuwa msaada kesho.

La pili, kazi kubwa hujengwa kwa vitu vidogo. Twasikia habari za fimbo na gereza, tukadhani kwamba uaminifu ni mambo ya namna hiyo tu. Lakini siku nyingi za Apolo zilikuwa za kufundisha herufi, kutembelea wagonjwa, na kwenda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Baba asomaye sura moja mbele ya watoto wake kila usiku, hata kama mdogo wao amesinzia, anaikata mwamba. Mama akataaye kusengenya kisimani, na kesho akakataa tena, naye anaikata.

La tatu ni neno kwa sharika zetu, nanyi mlipokee kwa upole. Wale waalimu wa kwanza wa Mboga hawakushindwa kwa kukosa imani, bali kwa kukosa chakula. Twapenda kuwahukumu waalimu waachao shule ya Jumapili kwenda kutafuta mshahara mjini. Twasema, Ameipenda dunia kama Dema. Labda ni kweli kwa mmoja au wawili. Lakini je, tuliuliza watoto wake walilala wamekula nini? Haifai kumwambia mtu, Dumu, hali umekifunga kibaba chako. Mwalimu ana wajibu wa kudumu katika kufundisha, na ushirika una wajibu wa kudumu katika kumtunza, nayo ahadi hizi mbili huenda pamoja kama majembe mawili katika shamba moja. Likiwekwa moja chini, lile la pili huchakaa upesi.

Kwa hiyo nawasihi, mwezi huu kila nyumba ichague jambo moja tu, lililo dogo, ililoliacha: sala ya asubuhi, kumwangalia mjane jirani, au fungu la mavuno kwa mwalimu. Msichague matano, mkayaacha yote. Shikeni moja, na mwezi ukiisha mtazame kama lingali mikononi mwenu. Na kama mlilidondosha katikati, liokoteni.

Bwana aliyeianza kazi njema ndani yenu hachoki upesi kama sisi. Mkae katika amani yake.

Mimi ndugu yenu, mwalimu wa dini.