Ujumbe Usiopiga Hodi



Wasomaji wetu watukufu, nyumba zetu za mwambao hazikupata kuijua sana adha ya matangazo ya karatasi yanayosukumwa mlangoni kila asubuhi. Barua zetu zilikaa katika sanduku la posta mjini, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa baba. Leo sanduku hilo limehamia mkononi mwa kila mtu. Mama analo, binti analo, na bibi asiyejua kusoma vyema analo pia chini ya mto wake. Wala halina kufuli. Humo huingia mkopo wa dakika mbili, bahati nasibu, dawa ya kupunguza mwili, kiwanja cha bei rahisi, na kamari ya mpira wa nchi ambazo mtoto hawezi kuzionyesha kwenye ramani.

Twajua kwamba baadhi yenu mtasema, ujumbe ni kitu kidogo, waufuta ukaendelea na shughuli zako. Nasi twasema, tazameni saa unayoingia. Katika Surat an-Nur tumefunzwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na tumetajiwa nyakati tatu ambazo hata mtoto wa nyumbani hana budi kubisha kwanza: kabla ya Swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Abu Musa al-Ash'ari, Mwenyezi Mungu amridhie, alibisha kwa Sayyidna Umar mara tatu, asipojibiwa akarejea zake, na alipoulizwa sababu akaeleza kuwa hivyo ndivyo alivyofunzwa na Mtume (s.a.w.). Mwenye kutangaza kamari habishi hata mara moja, na usipomjibu mara tatu huja mara ya thelathini, aghalabu usiku, wakati kijana yu peke yake chumbani na simu yake.

Katika siku za karibuni tulifikiwa na shauri la mke na mume. Mume alikuwa ameikuta katika simu ya mkewe kauli kali iliyomtaka amwambie mwanamume fulani alipe deni lake mara moja. Mke akaapa kuwa hamjui. Mume akauliza, kama humjui, imekuwaje wakopeshaji wake wakujue wewe? Neno la talaka lilikuwa limefika mdomoni. Tukaomba subira ya siku mbili, wazee wawili wakamtafuta mwanamume huyo, naye akaonekana kuwa ni fundi wa friji aliyewahi kutumwa nyumbani hapo na mume mwenyewe. Alikuwa ameihifadhi namba ya bibi huyo ili amwulize njia ya kufika. Miezi ikapita, fundi akachukua mkopo wa simu, na programu ya mkopo ikayazoa majina yote yaliyokuwa katika simu yake. Alipochelewa kulipa, wakaanza kuwatumia watu wake, mmoja baada ya mwingine. Nyumba ilisalimika, alhamdulillahi, lakini tulitoka hapo tukiwa na hakika kwamba jambo hili si dogo.

Basi namba hutoka vipi? Hutoka kwa njia tuzionazo kila siku. Waingia jumba la maofisi, mlinzi akupa daftari uandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na daftari hilo hubaki wazi mezani akalisoma kila ajaye baada yako. Wanunua nguo, muuzaji akuomba namba akuwekee pointi. Wajaza kikaratasi cha bahati nasibu dukani (na hapo tuna maneno mengine, tuyaache kwa leo). Wapakua programu ya kupamba picha, nayo yaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya watu wako, nawe wabonyeza "kubali" kwa kuwa ndicho kitufe kikubwa. Picha haihitaji majina ya shangazi zako. Kitu kisichohitaji namba kisipewe namba, na dada zetu wasione haya kumwambia muuzaji, "Pointi sizitaki, ahsante." Mlangoni penye daftari, uliza ni lazima? Mara nyingine si lazima.

Ama yale yaliyokwisha kuingia, yatofautisheni. Kuna ujumbe wa kampuni inayojulikana, unaokuja kwa jina badala ya namba. Huo aghalabu mwishoni mwake mna maelezo ya kujitoa, kama vile kutuma neno STOP au kubonyeza namba fulani. Yasomeni, hata kama yameandikwa mkato mkato. Kwa mfano wateja wa Safaricom huona *456*9*5# mwishoni mwa matangazo ya kampuni hiyo, na wa mitandao mingine waulize katika duka la mtandao wao. Kisha kuna ujumbe wa namba ya mtu tu, usiomjua: umeshinda zawadi, au "mama, zile pesa zitume kwa namba hii". Huu usiujibu hata kwa kuulaani, kwani jibu lako lamwonyesha kwamba namba iko hai na mwenyewe asoma. Ufungie katika simu, na ukiwa kwa Safaricom uusambaze kwa 333, ndiyo namba yao ya kupokea habari za utapeli. Vijana wajua mahali pa kufungia, basi Ijumaa moja baada ya chakula mwambieni kijana akae na simu ya bibi yake kwa nusu saa. Ni wema kwa wazazi, nao hauhitaji fedha.

Sasa tuje kwenye haki, kwani wengi wadhani ni suala la subira tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kuipambanua: kifungu chake cha 37 chakataza kutumia habari za mtu kwa biashara pasi na ridhaa yake ya wazi, ila pale sheria nyingine iliyoandikwa iruhusupo na mwenyewe awe amearifiwa wakati habari zilipochukuliwa. Kifungu cha 32 chaweka mzigo wa kuthibitisha ridhaa juu ya yule anayezitumia, na chakupa haki ya kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Hapa twaomba mafakihi wenzetu watusikize. Ukimya wa mwari katika nikaha umepewa hukumu yake, lakini ukimya wa mwenye simu haukupewa na yeyote, si na sheria ya dini wala ya nchi. Mji wa Amsterdam kule Uholanzi ulikuwa na desturi ya kumwachia mkaazi abandike kibandiko mlangoni cha kukataa matangazo. Tangu mwaka 2018 wakaigeuza, asiyebandika kibandiko cha kuyataka haletewi. Huo ndio mwenendo wa mtu anayejua hodi.

Mwenye kuudhiwa aweza kushtaki kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria yataka shauri lichunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Hayo ya mdomo tumeyataja kwa makusudi, kwa ajili ya mama zetu wasioandika. Hifadhini ujumbe wenyewe, msiufute kwa hasira, maana ndio ushahidi. Wala msidhani ofisi hiyo haina meno. Mnamo Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa majina na namba walizozipata kwa wengine. Nazo kanuni za Benki Kuu za 2022 zawakataza wakopeshaji wa namna hiyo kuwaandama watu waliomo katika simu ya mkopaji ili wamfedheheshe. Yule fundi, pamoja na deni lake, alikuwa amedhulumiwa, na bibi yule alidhulumiwa zaidi, kwani hakukopa chochote.

Kuhusu riba yenyewe hatutarefusha, mwaijua hukumu yake. Tutasema tu kwamba tumewaona akina mama waliokopa shilingi elfu mbili za unga na mafuta kwa sababu ujumbe uliingia saa ileile jiko lilipokuwa tupu. Ujumbe usingeingia, pengine wangepiga hodi kwa jirani. Bwana anayeacha nyumba bila posho kisha akakasirika kwa mkopo wa simu, naye ana la kujibu.

Limebaki la watoto. Sheria hiyohiyo yataka ridhaa ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na katika mwezi uleule wa Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Madrasa na misikiti yetu inaandikisha wanafunzi, inachukua namba za wazazi na kupiga picha siku ya Maulidi. Sheria haikututoa. Orodha za namba zisibandikwe ukutani, daftari la michango lisiachwe wazi kwenye dirisha, na mzazi anayesema picha ya binti yake isitumwe, isitumwe, wala asiulizwe sababu.