Wastani wa Shule Ndogo Hupima Nini?

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa nchini Kenya, magazeti hutuletea picha ile ile: mwalimu mkuu amebebwa juujuu na wanafunzi wake, nao wazazi wanapiga vigelegele. Picha hiyo haikuwahi kupigwa katika shule niliyofundisha kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili. Ilikuwa shule ya kutwa ya kaunti ndogo, yenye mkondo mmoja, huko bara ya Kwale, upande wa Kinango. Watahiniwa wetu wa KCSE ya mwaka 2021, ambayo ilifanywa Machi 2022 kutokana na kalenda kuvurugwa na korona, walikuwa kumi na watano tu. Matokeo yalipofika, tuliitwa kikaoni tukaulizwa swali moja: "Wastani umeshuka. Walimu mlikuwa wapi?"

Swali lilikuwa la haki, lakini halikuwa limekamilika. Hakuna aliyeuliza wanafunzi walikuwa nani. Hoja ya makala haya ni kwamba wastani wa shule ndogo ya mashambani, ukisomwa bila kujua ni akina nani waliokalia madawati yake, hutuambia machache sana kuhusu mafunzo yaliyotolewa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Katika KCSE, gredi A ina alama 12 na gredi E ina alama 1. Tuchukulie kwamba shule ina watahiniwa 15. Kumi na wanne wamepata D+, yaani alama 4 kila mmoja, na mmoja amepata B+, yaani alama 10. Wastani wa shule hiyo ni 4.4. Mwanafunzi huyo mmoja akihamia kwingine kabla ya mtihani, wastani unakuwa 4.0. Sasa tuchukue shule yenye watahiniwa 200 walio katika hali hiyo hiyo. Kwa kuwa na mwanafunzi huyo, wastani wao ni 4.03, akiondoka, ni 4.0. Kuondoka kwa mtoto mmoja hakuonekani katika shule kubwa, ilhali katika shule ndogo kunaitwa anguko. Yumkini mwalimu hakubadilika, na mafunzo hayakubadilika. Idadi ndiyo ndogo, na penye idadi ndogo kila mtu ni uzito mkubwa mizanini.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Msichana aliyekuwa akiongoza darasa alipata mfadhili akiwa Kidato cha Tatu, akahamia shule ya bweni. Tulimpongeza na kumsindikiza kwa furaha, kwani lilikuwa jambo la heri. Mwaka uliofuata tulilaumiwa kwa pengo aliloliacha.

Suala la pili ni la uteuzi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, wanafunzi walichaguliwa kwa alama za KCPE. Shule za kitaifa zilichota kwanza, zikafuatwa na nyingine kwa ngazi, hadi kufikia shule za kutwa za kaunti ndogo. Tangu mwaka 2018, serikali ilipotilia mkazo sera ya kila mtahiniwa wa KCPE kujiunga na sekondari, shule hizi za mwisho ndizo zilizopokea wale ambao zamani wangebaki nyumbani. Sera hiyo naiunga mkono bila kusita. Hata hivyo, hatuwezi kumkabidhi mwalimu watoto ambao mfumo mzima umewapa alama za chini, kisha tukamlinganisha na aliyekabidhiwa vinara. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuulize viliundwa kwa mbao zipi.

Isitoshe, darasa langu halikuwa la watoto wa aina moja. Walikuwamo Waduruma na Wakamba. Alikuwamo mama wa mtoto mchanga aliyerejea masomoni. Sera ya kuwaruhusu wasichana kurudi shuleni baada ya kujifungua imekuwapo tangu mwaka 1994, lakini sera hainyonyeshi mtoto. Walikuwamo wavulana waliokuwa wakubwa kwa umri kuliko wenzao, waliopoteza miaka kwa kuchunga mifugo. Kisha ukaja ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kukausha misimu mitano ya mvua mfululizo katika Pembe ya Afrika. Katika kaunti kame kama Kwale, ukame huonekana kwanza katika rejista ya darasa. Mtoto anayetembea mbali kutafuta maji alfajiri hufika shuleni saa nne, na anayefika saa nne hukosa somo la Kiswahili la saa mbili.

Katika somo letu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kiduruma ni miongoni mwa lugha za Mijikenda, ambazo pamoja na Kiswahili huwekwa na wanaisimu katika kundi la Sabaki. Nilidhani udugu huo ungenirahisishia kazi. Kumbe undugu wa lugha huficha makosa: mwanafunzi huzungumza bila woga, nawe humwelewa, na hakuna anayegundua kwamba sarufi mbili zimechanganyika mpaka insha inapoandikwa. Wanafunzi wangu Wakamba walichelewa kusema, lakini waliposema walijua kwamba wanajifunza lugha nyingine. Wote walitahiniwa kwa karatasi moja. Riwaya teule ilikuwa *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, nasi tulikuwa na nakala tatu kwa darasa zima. Tuliisoma kwa sauti, kwa zamu.

Fedha nazo hufuata idadi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kwa sekondari za kutwa kilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 700 ingehesabiwa zaidi ya shilingi milioni 15.5, ya wanafunzi 70, zaidi kidogo ya milioni 1.5. Lakini maabara haigawanyiki mara kumi. Paa linalovuja halivuji kwa kiasi cha wanafunzi walio chini yake.

Najua wapo watakaosema kwamba hizi ni hoja za mwalimu anayejitetea. Sikatai kwamba katika shule ndogo kuna uzembe. Mimi mwenyewe nilikosa vipindi nilipokuwa nikitafuta ajira ya kudumu, na wanafunzi wangu walilipia siku hizo. Naam, mwalimu awajibishwe, lakini awajibishwe kwa kipimo kinachomhusu: alimpokea mwanafunzi akiwa wapi, na akamfikisha wapi. Mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza akisoma kwa kudodosa, akatoka na C- ya Kiswahili, amesafiri mbali kuliko aliyeingia na A akatoka na A-. Wastani hauoni safari hiyo.

Wengine husema dawa ni kuziunganisha shule ndogo. Huenda hilo likafaa pale shule mbili zinapotazamana. Palipo na kilomita nyingi za nyika kati yao, kuunganisha ni kufunga, na wa kwanza kubaki nyumbani atakuwa yule mama mchanga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuamua umbali wa kutembea ukiwa ofisini.

Mfumo wa elimu sasa umebadilika. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Tisa walifanya tathmini ya KJSEA. Mtaala wa umilisi unaahidi kumtazama mwanafunzi mmoja mmoja. Ahadi hiyo itakuwa bure iwapo tutachukua vigezo vipya na kuvigeuza kuwa wastani ule ule wa kale. Napendekeza matokeo ya shule ndogo yasomwe kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, yaandamane na maelezo ya wanafunzi waliopokelewa, waliohama na walioacha masomo, na kila shule ipewe kiasi fulani cha msingi cha fedha kabla ya kuhesabu vichwa.

Nasi wanachama wa vyama vya Kiswahili tuna deni. Tasnifu nyingi za uchanganuzi wa makosa hukusanya insha, huhesabu makosa, na kuhitimisha kwamba wanafunzi wa mashambani ni dhaifu. Mradi wangu wa shahada ya kwanza ulikuwa wa namna hiyo. Nilihesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha arobaini bila kumuuliza hata mwandishi mmoja anazungumza lugha gani nyumbani, au aliamka saa ngapi siku ile. Ningeurudia leo, ningeanza na maswali hayo mawili, kisha ndipo nifungue insha.