DRC: Kusomea udaktari, mlango uko wazi lakini mchujo uko ndani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, barabara za Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu na Goma hujaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani. Nyimbo zikiisha na poda ikioshwa, swali moja linabaki nyumbani: mtoto atasomea nini? Kwa familia nyingi, hasa zenye kijana aliyemaliza kemia na biolojia, jibu ni udaktari. Hapo ndipo hesabu ngumu inapoanza, kwa sababu nchini Congo mchujo mkubwa wa madaktari haufanyiki mlangoni. Unafanyika ndani, baada ya mzazi kulipa.

Diploma ya serikali, inayopatikana kuanzia asilimia 50, ndiyo ufunguo wa chuo kikuu. Kwa udaktari, vyuo vinaongeza masharti yao. Kuna vinavyodai asilimia ya juu zaidi, kuna vinavyopanga mtihani wa kuingia, na kuna vinavyotosheka na diploma pamoja na pesa ya kujiandikisha. Hakuna mtihani mmoja wa kitaifa kwa wote wanaotaka kuwa madaktari. Kijana aliyekataliwa katika chuo kimoja anaweza kupokelewa katika kingine mwezi huohuo, kwa diploma ileile.

Asilimia yenyewe nayo haiaminiwi na kila mtu. Malalamiko juu ya udanganyifu katika mtihani wa serikali husikika karibu kila mwaka, na walimu wa vyuo wanajua kwamba asilimia 70 ya shule moja si lazima iwe sawa na asilimia 70 ya shule nyingine. Matokeo yake ni kwamba mwaka wa kwanza wa chuo unageuka kuwa mtihani wa kuingia unaochukua mwaka mzima. Wanafunzi wanajaa katika ukumbi mmoja, wengine wakifuata somo wakiwa wamesimama, na siku ya kutangaza matokeo sehemu kubwa yao wanaambiwa warudie au watafute kitivo kingine.

Nani analipa gharama ya mchujo?

Kwa mfumo huu, anayelipa ni familia. Mwaka mmoja wa udaktari si karo peke yake. Kuna silabusi za kununua, koti jeupe, chumba cha kupanga, chakula na usafiri. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kiwanja, au mama anayelipa kwa faida ya meza yake ya sokoni, anagundua baada ya miezi kumi kwamba mtoto hakuwa na nafasi kubwa tangu mwanzo. Pesa hairudi.

Vyuo navyo vina sababu ya kutoharakisha mabadiliko. Vingi vinategemea karo ya wanafunzi ili kuendesha kazi zake, kwa kuwa msaada wa serikali ni mdogo. Kijana anayekataliwa mlangoni haleti kitu, lakini anayeshindwa mwishoni mwa mwaka amekwisha kulipa. Si lazima kuwe na nia mbaya ya mtu yeyote; mfumo wenyewe unasukuma vyuo kupokea wengi.

Mazoea haya yana historia. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa Kinshasa mwaka 1954 chini ya Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, kilifuata desturi za Ubelgiji. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, nchi ilikuwa na wasaidizi wa madaktari, lakini haikuwa na Mkongomani aliyehitimu udaktari kamili katika chuo kikuu. Wakati ule kufungua milango kulikuwa na maana: nchi ilihitaji madaktari haraka.

Lakini Ubelgiji yenyewe imebadilika. Upande wa Waflemish ulianza mtihani wa kuingia udaktari mwaka 1997. Upande wa wanaozungumza Kifaransa, ambako kwa miaka mingi wanafunzi walichujwa wakiwa tayari ndani ya chuo, ulifuata mwaka 2017. Congo, iliyorithi mfumo huo, ilianza mageuzi ya LMD katika mwaka wa masomo wa 2021-2022. Masomo yakapangwa upya, ila suala la nani aingie udaktari na kwa kipimo gani likaachiwa kila chuo.

Mtihani wa kuingia nao una hatari zake

Wanaopinga mtihani wa kitaifa wana hoja nzito. Mtoto wa shule nzuri ya Lubumbashi amefanya majaribio ya kemia katika maabara. Mwenzake wa Walikale au Shabunda huenda alijifunza kemia ubaoni tu, hajawahi kushika chupa ya maabara. Mtihani mmoja unaweza kumfungia mlango huyu wa pili, ilhali mwaka wa kwanza unampa muda wa kuwafikia wenzake. Tena mtihani ukipangwa Kinshasa peke yake, au ukigeuka soko la rushwa, utakuwa dhuluma mpya juu ya ile ya zamani.

Suala hili ni kali zaidi mashariki. Tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki zikafunga milango. Kumpeleka kijana Kinshasa, au hata kumtumia karo, kukawa safari ya kupitia nchi jirani. Wenye uwezo hutazama Uganda, lakini huko masomo ni ya Kiingereza, na kijana aliyesoma kwa Kifaransa anaanza na mzigo wa lugha. Burundi iko karibu zaidi kwa lugha. Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani ya mwaka 2018, alisomea udaktari huko kabla ya kwenda Ufaransa kujifunza matibabu ya wanawake. Anayerudi na shahada ya nje lazima aombe itambuliwe na wizara kabla ya kufanya kazi.

Kwa hiyo mtihani wa haki ungehitaji mambo matatu: ufanyike katika miji mingi, gharama yake iwe ndogo, na idadi ya nafasi itangazwe mapema kulingana na walimu na vitanda vya hospitali ya mafunzo. Daktari hafundishwi kwa silabusi tu. Kitivo kinachopokea mamia bila wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia kinatoa shahada ambayo mgonjwa ndiye atakayeilipia.

Wakati serikali haijaamua, familia inaweza kuuliza maswali manne kabla ya kutoa pesa. Je, kitivo hiki kimekubaliwa na wizara ya elimu ya juu? Wanafunzi wanafanyia mazoezi katika hospitali gani? Mwaka uliopita waliingia wangapi mwaka wa kwanza, na wangapi walipita? Na je, wahitimu wake wanaandikishwa na Baraza la Madaktari, ambalo bila idhini yake hakuna anayeruhusiwa kutibu?

Swali la tatu ndilo ambalo ofisi nyingi za uandikishaji haziulizwi. Wizara ikilazimisha kila kitivo cha udaktari kubandika idadi hiyo mlangoni kabla ya uandikishaji kuanza, hakutahitajika sheria mpya wala bajeti kubwa. Mzazi ataiona hatari kabla ya kuuza kiwanja chake, si baada.