MICHE HAIKUROGWA, TUMEIZAMISHA SISI

Ndugu wanaushirika wa Ole,

Masika haya miche yetu ya mikarafuu imekufa kitaluni. Ilianza pembe moja ya tuta, miche minne mitano. Baada ya siku chache nusu ya tuta imelala chini kama iliyokatwa kwa kisu. Ndipo yakazuka maneno: ati ni jicho, ati mama anayemwagilia ana mkono mbaya. Sisi tunasema maneno hayo si kweli, na yakome.

Maradhi haya yanaitwa kinyaushi. Mara nyingi huletwa na ukungu wa majini usioonekana kwa macho. Mmoja wao huitwa pithiamu, na wataalamu wa siku hizi wanasema ujamaa wake ni na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Vijimbegu vyake vina mikia. Udongo ukijaa maji huogelea mpaka vikaufikia mzizi. Basi shingo ya mche, pale unapotokea ardhini, hulainika, ikaoza, mche ukaanguka. Vyengine hulala udongoni miaka vikingoja maji. Si jambo la mchezo: mwaka 1845 jamaa yake mmoja aliingia mashamba ya viazi huko Ayalandi, na katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni 1.

Sasa tujiulize, nani aliyeufungulia mlango? Ni sisi. Tuliagiza kumwagilia asubuhi na jioni, maji ya mtaroni, na huku mvua inanyesha. Mbegu tukazibananisha, na makuti tukaezeka kama paa la nyumba, hata upepo haupiti.

Hasara si ndogo. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki ghalani. Ikipita wiki moja hivi, kuota ni taabu. Aliyepoteza kitalu amepoteza msimu.

Kwa hiyo matuta yainuliwe, maji yasituame. Tumwagilie asubuhi tu, udongo ukikauka juu, kwa maji ya kisima. Mbegu zipewe nafasi, makuti yapunguzwe. Mche ulioanguka ung'olewe pamoja na udongo wake, ukatupwe mbali, na jembe lioshwe. Tuta lile lile tusilisie tena.

Mwisho, yule mama tuliyemsema tumwendee tumwombe radhi, sisi viongozi kwanza. Yeye alifanya kama tulivyomwagiza.

Katibu