Ajali Ina Kinga

Wahenga walituachia methali nyingi nzuri, lakini kuna moja ambayo natamani tuipige marufuku kazini: "Ajali haina kinga." Mimi nasema ina kinga, na mara nyingi kinga hiyo ni fundi wa bomba na dekio kavu.

Shangazi yangu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni hapa Uganda. Bomba la jikoni lilivuja kwa miezi. Maji yalitiririka kwenye njia ileile ambayo wapishi waliipita wakibeba masufuria ya posho na maharagwe. Walimwambia msimamizi mara tatu. Alfajiri moja shangazi aliteleza, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Msimamizi alikuja kumpa pole: "Mama, ajali haina kinga. Siku nyingine uwe mwangalifu." Mkono ulipochelewa kupona, kazi ikapewa mtu mwingine. Bomba nalo lilitengenezwa wiki iliyofuata, kwa muda usiofika saa moja.

Je, hiyo ilikuwa ajali isiyo na kinga?

Kuteleza si fumbo. Maji au mafuta yakikaa kati ya soli na sakafu laini, kiatu hakishiki. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa chanzo: ziba bomba, rekebisha mtaro. Ya pili ni kusafisha vizuri. Mafuta yakifutwa kwa maji matupu hutawanyika tu. Yanahitaji maji ya moto na sabuni, kisha sakafu isuuzwe na kukaushwa. Halafu ndipo vije viatu vyenye soli inayoshika. Kibao cha njano cha kuonya watu ni cha mwisho. Waajiri wengi huanzia mwisho: huweka kibao, huhubiri uangalifu, na bomba huendelea kuvuja.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi wenyewe ni wazembe, huvaa kandambili na kukimbiakimbia. Sikatai kwamba mfanyakazi ana wajibu wa kujilinda. Lakini ni nani aliyempa mpishi mmoja kazi ya watu watatu, kisha akashangaa kumwona anakimbia? Ni nani aliyekataa kununua viatu? Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi. Haki haiombwi kama msaada.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaosoma Kiswahili hufundishwa kuheshimu methali. Nami naiheshimu hii inapomfariji mtu aliyepatwa na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijua mapema. Inapotumiwa kufunika uzembe wa mkubwa, imegeuzwa kuwa uongo, na wajibu wa kuukataa ni wetu kwa sababu lugha ndiyo somo letu. Kesho baadhi yetu tutakuwa walimu wakuu, na majiko ya shule yatakuwa mikononi mwetu.

Basi ukimsikia mtu akiitamka methali hiyo mbele ya majeruhi, muulize swali moja tu: bomba liliripotiwa lini?