Uzito wa maoni ya majenerali kuhusu bunduki
Mwaka 2013 Jenerali mstaafu Stanley McChrystal, aliyewahi kuongoza majeshi ya Marekani na NATO Afghanistan, alisema wazi kwamba silaha za aina wanazobeba askari vitani hazifai kuwa mitaani wala karibu na shule. Kuhusu madhara ya risasi mwilini, anastahili kusikilizwa kwa makini. Vilevile kuhusu nidhamu, maana kambini bunduki hukaa ghalani, hutolewa kwa saini na kukaguliwa inaporudishwa. Lakini zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu wanaojiua, na hapo daktari ana ujuzi zaidi. Na kuhusu Marekebisho ya Pili ya Katiba, ambayo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kuwa yanalinda haki ya mtu binafsi kumiliki silaha, jenerali ni raia kama wengine.